Mama Wakala na Simu ya Dirishani

Sijui Mama Wakala alizaliwa wapi, na hata ningejua nisingeanzia hapo. Aliyemuuliza habari za asili yake alijibiwa kwamba yeye alizaliwa kwenye foleni ya malori, na kwamba akimaliza kazi atakaa amsimulie vizuri. Kazi haikuisha. Nilifanya naye kazi miaka mingi kwenye chumba cha ghorofani, juu ya maduka ya vitenge pale Tunduma, na jina lake la ubatizo nililisikia kanisani siku tuliyomzika. Nilishtuka kidogo, kana kwamba tunamzika mtu mwingine.

Uwakala ulikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa wakala wa forodha, mtu anayehangaika na karatasi za mzigo wa mwenzake mpaka lori livuke kwenda Zambia. Huko alijifunza jambo ambalo sisi tuliopita chuo tulilisoma bila kulielewa: karatasi ile ile, yenye muhuri ule ule, upande huu inapokelewa na upande ule inakataliwa, na anayesota ni dereva. Alianza kusoma kompyuta akiwa mtu mzima wa kuvaa miwani, na alianza kwa hasira. Siku moja ukurasa mmoja wa mtandaoni aliouhitaji uligoma kufunguka kwenye kompyuta yake, ukafunguka kwenye ya jirani. Alitaka kujua kwa nini, na majibu aliyopewa hayakumtosha. Akaenda Mbeya kusoma, akarudi na cheti, na swali lake akarudi nalo.

Alipokuja kwetu tulikuwa tumeanza programu tuliyoiita Zamu. Ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi na yeyote anaweza kuuchukua, kuurekebisha na kuutumia bure. Zahanati ziliandika humo tarehe za kliniki za wajawazito, na mama akifungua ukurasa wake kwenye simu anaona siku ya kwenda. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini simu za watu hazifanani. Huyu ana kivinjari hiki, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, yule ana kile, na kila kivinjari kinausoma ukurasa kwa akili zake. Mama Wakala ndiye aliyetujengea majaribio ya kujiendesha. Mmoja wetu akibadilisha chochote, kompyuta zenyewe zilifungua kurasa za Zamu kwenye kivinjari kimoja baada ya kingine, zikabonyeza, zikajaza, zikatazama kama kinachotokea ndicho kilichotakiwa kutokea.

Vivinjari aliviita mageti. Ukurasa ukifanya kazi kwenye kivinjari, alisema umevuka. Ukikwama, umerudishwa. Wenzetu wa miji mingine waliochangia msimbo walicheka mwanzoni, kisha wakazoea, na mwisho maneno hayo yakaingia kwenye programu yenyewe. Mpaka leo mtu wa mbali asiyeijua Tunduma hata kwa picha akikosea kitu, anasomewa kwa Kiswahili kwamba amerudishwa.

Ukimpelekea kazi yako, hakuanza na salamu.

"Karatasi zako ziko wapi, mtoto wa kahawa?"

Mtoto wa kahawa ni mimi, kwa sababu kwetu ni Mbozi na wazazi wangu wana mibuni. Karatasi alizotaka zilikuwa maelezo: umebadilisha nini, kwa nini, na nani ataumia ukikosea. Hilo la tatu lilinisumbua. Nilizoea kuandika kwamba hakuna atakayeumia.

"Hakuna mtu anayeitwa hakuna," alinijibu siku moja. "Nenda ukamtafute."

Alikuwa mtu wa kukera, nisifiche. Alihubiri uvumilivu wiki nzima kisha akaigombeza kompyuta mpaka muuza vitenge wa chini akapanda kuuliza kama tumevamiwa. Alitukataza sukari huku chai yake mwenyewe kijiko kikikaribia kusimama wima. Kanisani aliimba sauti ya pili na hakukosa mazoezi ya kwaya, lakini kijana mmoja alipopendekeza tuombe kabla ya kutoa toleo jipya la Zamu, alimwambia aombe baadaye, kwanza afungue ukurasa kwenye simu ya mama yake. Alituambia kila siku kwamba mashine ikishafundishwa kujaribu, mwanadamu aiache ifanye. Tukiisha kuondoka, yeye alibaki anajaribu kwa kidole, simu moja baada ya nyingine. Na yeye, aliyezijua simu zote za sokoni kwa magonjwa yao, mwenyewe alitembea na simu ya kitochi yenye vitufe vilivyofutika namba.

Wazambia waliokuja kufanya biashara walimpenda. Walimsalimia kwa Kibemba kutoka barabarani, "Mulishani, Mama Wakala," naye aliwajibu "Bwino" bila kuinua macho kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa na ndugu upande wa pili, kama nusu ya watu wa pale, na alisema mpaka haujawahi kumsumbua isipokuwa kwa karatasi. Hapo alikosea. Ulikuja kumsumbua kwa saa.

Nieleze hili vizuri, maana ndipo penye uchungu wote. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu ikiwa karibu na mpaka inadaka mnara wa ng'ambo bila kumuuliza mwenyewe, na saa yake inarudi nyuma. Watu wa Tunduma wamelizoea hilo. Ukipanga kukutana na mtu anakuuliza, saa ya wapi, na maisha yanaendelea. Sisi wa ghorofani tuliishi humo humo, tukiulizana saa ya wapi kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama Zamu nayo inaulizwa.

Zahanati ilipoandika kwamba kliniki ni Jumatano bila kutaja saa, Zamu iliihesabu Jumatano kuanzia saa sita kamili usiku, saa zetu. Kwenye vivinjari vingi tarehe ilisomwa kama ilivyoandikwa. Lakini kivinjari kimoja cha zamani, kile kilichokuja na simu nyingi za bei rahisi, kiliipitisha tarehe kwanza kwenye saa ya simu. Simu ikiwa imedaka Zambia, ile saa sita usiku inayoanza Jumatano inakuwa saa tano usiku ya Jumanne. Mama anaona Jumanne. Na kwa kuwa kompyuta zetu zote za majaribio zilishika saa ya Tanzania, ukurasa ulivuka kila geti, na Mama Wakala aliutia saini.

Aliyeona Jumanne alikuwa mama mmoja wa Ndalambo, si mbali na mpaka. Alipanda bodaboda, akafika zahanati, akakuta ni siku ya chanjo za watoto. Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa kwa upole arudi kesho. Mvua ilinyesha, mto ukajaa, bodaboda ikashindwa kupita. Presha yake ilikuwa imepanda na hakuna aliyeipima. Siku chache baadaye alijifungua mtoto asiye na uhai.

Habari ilitufikia kwa simu kutoka kwa muuguzi wa zahanati, aliyetaka tu kujua kwa nini mama yule aliona siku isiyo yake. Mama Wakala alitafuta siku nzima mpaka akaipata ile saa. Hakugombeza kompyuta siku hiyo. Aliinuka, akajifunga kitenge cha pili juu ya gauni, akaniambia tunakwenda Ndalambo.

Tulipofika matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Mama Wakala aliingia jikoni kwanza, akasaidia kuchambua mboga na wanawake wengine kama jirani yeyote, ndipo akaenda kukaa mkekani karibu na mwenye msiba. Huyo mwenye msiba alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, mwenye sauti ya Kinamwanga ndani ya Kiswahili chake. Alitusimulia bila kuulizwa.

"Nilikwenda," alisema. "Mimi nilikwenda kabisa. Nikarudishwa."

Nilimtazama Mama Wakala. Lile lilikuwa neno lake. Alikuwa amelitamka kwa utani kila siku ya kazi, na sasa aliliona lina miguu na tumbo. Akamweleza yule mama yote, saa, mnara, kivinjari, na kwamba aliyeupitisha ukurasa ni yeye mwenyewe aliyekaa pale. Hakulia na hakujitetea.

"Kwa hiyo simu yangu ndiyo ilikosea?" yule mama aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Simu yako ilikuwa inasema ya kwake. Sisi ndio hatukuiuliza."

Yule mama alifikiri. Akauliza kama kuna mwingine atakayeonyeshwa hivyo hivyo. Mama Wakala akasema tumeshaurekebisha ukurasa, lakini vitu hivi hurudi, mtu mwingine anaweza kuubadilisha kesho bila kujua na kosa likaingia tena. Ndiyo maana anataka kuweka jaribio la kulinda mahali hapo daima, na kila jaribio huwa na jina. Akaomba ruhusa ya jina.

"Jina langu la nyumbani msiliweke," alisema mama yule. "Semeni tu mama wa Ndalambo. Kama litamsaidia mwingine."

Tangu siku hiyo Zamu ikawa na jaribio linaloitwa Mama wa Ndalambo. Halikuendeshwa kwenye kompyuta. Mama Wakala alinunua simu ya aina ile ile, yenye kivinjari kile kile, akaiweka dirishani upande unaotazama Zambia, imechomekwa kwenye umeme, ili idake mnara wa ng'ambo. Kila msimbo ulipobadilishwa, simu ile iliamshwa, ikafungua ukurasa, ikaulizwa kliniki ni siku gani. Ikijibu Jumatano tulisoma: Mama wa Ndalambo amevuka. Na utani ukaisha pale chumbani. Neno kurudishwa lilibaki, lakini hakuna aliyelicheka tena.

Shida ya simu ile ni kwamba haikuwa na msimamo. Siku yenye mawingu ilidaka mnara wetu, siku nyingine ilidaka wa Zambia, siku nyingine ilizima katikati. Jaribio likawa kigeugeu, leo linarudisha msimbo usio na kosa, kesho linaupitisha ule ule. Msimamizi wa mradi, aliyekaa Dodoma, alikuwa mtu muungwana, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alitupigia, mimi na Mama Wakala tukamsikiliza.

"Mama, jaribio linalolia bila sababu linawafundisha watu wasisikie," alisema. "Wameshaanza kulipuuza. Siku likilia kwa haki, nani atageuka?"

"Nitageuka mimi."

"Na usipokuwepo?"

Nilijua ameguswa, kwa sababu alianza kuongeza sukari kwenye kikombe kilichokwisha. Kila mwaka hoja hiyo ilirudi, na kila mwaka kivinjari kile cha zamani kilipungua kwenye simu za watu. Wengi walitaka kiondolewe kwenye mageti, na jaribio lake liondoke nacho. Mama Wakala alisimama mlangoni peke yake. Kwake kuliondoa lilikuwa jambo moja tu, ni kumrudisha yule mama mara ya pili, na safari hii kwa kusudi.

Mimi nilikuwa katikati. Nilimpenda, na nilijua msimamizi anasema kweli. Niliogopa siku ambayo nitalazimika kuchagua.

Siku hiyo ililetwa na ugonjwa. Figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba, macho nayo yakapungua. Ilimbidi awe karibu na matibabu ya Mbeya, na ndugu zake wakamchukua akakae nao Mbozi, si mbali na nyumbani kwetu. Siku ya kuondoka aliifuta vumbi ile simu ya dirishani kwa ncha ya kitenge, akaihakikisha imeshika umeme, akaniambia maneno machache.

"Mimi nimeshindwa kuifanya itulie. Wewe una akili za kahawa, zinakomaa polepole lakini zinakomaa. Usimrudishe."

Nilichoweza kumjibu ni kwamba nimesikia.

Alipoondoka msimamizi aliitisha uamuzi, na waliochangia mradi wakakubaliana kwamba kivinjari cha zamani kiondolewe. Sikupinga, maana tulitafuta kwenye zahanati zote zinazotumia Zamu na hatukupata mama hata mmoja aliyebaki nacho. Hata mama wa Ndalambo nilimpigia, akaniambia ile simu iliharibika kitambo, sasa ana nyingine, na amepata mtoto wa kike anayekimbiza kuku uani. Aliniuliza hali ya Mama Wakala. Nilipomwambia, alisema atamwombea.

Nilikaa na jambo hilo la jaribio wiki kadhaa, na nakiri lilininyima raha hata ya kula. Mwisho nilielewa kitu ambacho mimi na Mama Wakala tulikuwa hatujakiona kwa sababu tuliitazama sana ile simu. Aliyemrudisha mama wa Ndalambo hakuwa kivinjari peke yake. Ilikuwa saa. Kivinjari kimefutika, mnara wa Zambia uko pale pale. Na saa haihitaji dirisha. Unaweza kuiambia kompyuta, kwa muda wa jaribio, jihesabu uko Zambia, nayo ikatii bila kubabaika. Nikaliandika jaribio upya hivyo, nikalipitisha kwenye mageti yote, kila kivinjari tunachokijali, badala ya kile kimoja. Halikuwa kigeugeu tena. Msimamizi alilisoma, akalikubali, akaandika chini yake neno asante.

Ndipo nikaenda Mbozi kumwona. Mahindi yalikuwa yamevunwa na njia ilikuwa kavu. Nilimkuta amekaa kibarazani juani, amepungua, miguu imefunikwa. Alinitambua kwa mwendo. Ndugu yake alituletea chai, na nikaona ile ya kwake haina sukari. Aliinywa bila kulalamika, na hilo liliniumiza kuliko miguu iliyovimba.

Tuliongea habari za watu wa Tunduma, muuza vitenge, kwaya. Alilikwepa jambo lenyewe na mimi nililikwepa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Karatasi zako ziko wapi?"

Nikamwambia kivinjari cha zamani kimeondolewa. Aliitikia kwa kichwa, alishasikia. Nikamwambia simu ya dirishani tumeizima.

"Na Mama wa Ndalambo?"

"Tumemwacha," nikasema.

Uso ulimshuka. Aliugeuza upande wa mibuni, akakaza midomo, na mikono yake ikaanza kukunja kitenge magotini. Ilinichukua muda kuelewa nimesema nini. Mimi nilimaanisha hatukumgusa. Yeye alisikia tumemtupa njiani tukaendelea na safari. Lugha yetu ina neno moja tu kwa mambo hayo mawili, na mimi nilikuwa nimelitumia kwa mgonjwa.

"Mama, sikiliza. Tumemwacha pale pale alipokuwa. Yupo. Hatukumtoa."

Aligeuka taratibu. "Simu mmezima, atakuwaje yupo?"

Nikasogeza kigoda, nikamweleza saa, jinsi kompyuta inavyoambiwa ijihesabu iko Zambia, jinsi kila geti sasa linaulizwa swali lile lile. Alisikiliza hivyo hivyo alivyomsikiliza mama yule mkekani, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza kama halibabaiki. Nikasema halibabaiki. Akaniuliza nani ataumia nikikosea. Nikamjibu. Nilikuwa na majibu safari hii, zahanati kwa zahanati, kuanzia Msangano mpaka zile za karibu na mpaka.

"Fungua nione," akasema, halafu akajicheka kidogo kwa sababu haoni. "Fungua nisikie."

Nikaitoa kompyuta kwenye begi, nikaunganisha mtandao kwa simu yangu, nikaliamsha jaribio. Mtandao wa pale ni wa kubembeleza, tukangoja. Matokeo yalipoanza kuingia nilimsomea moja moja, nikitaja kila kivinjari kwa jina. Geti la kwanza, Mama wa Ndalambo amevuka. Geti la pili, amevuka. Kila nilipotamka aliitikia "ehe" ya chini kooni, ile aliyokuwa akiwaitikia madereva zamani wakimpigia kumwambia lori limepita. Geti la mwisho lilichelewa, na alinishika mkono.

"Amevuka," nikasema.

Hakuachia mkono. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatoke, na mimi nikayaacha ya kwangu. Kuku walipita mbele yetu, ndugu yake akachungulia kutoka ndani akarudi.

"Rudia," alisema.

"Ameshavuka, mama. Mageti yote."

"Najua. Nimesikia. Rudia tu."

Nikabonyeza tena, tukakaa kungoja.